Vichwa Vitatu Vilivyolazwa

Uliona, ukatazama pembeni. Usijitetee. Ulikaa mbele ya skrini, sauti umeizima ili usisumbue wa nyumbani, ukayasoma yale maandishi ya chini yanayokuja na kuondoka, na hukujiuliza hata mara moja yametoka mikononi mwa nani. Yalipochelewa kidogo, ulisonya. Mimi nawakumbuka waliosonywa. Nakumbuka kiwanda cha nguo ambako mkanda wa cherehani ulilegea, mshonaji akaitwa mvivu, mkanda wenyewe haukuitwa kitu. Basi kaa usikilize habari za mchapaji mmoja, na usiniambie una haraka.

Mchapaji huyu alifanyia kazi chumbani kwake, ghorofa ya juu kabisa. Kitanda upande huu, meza upande ule, katikati njia ya mtu mmoja kupita kiubavu. Dirisha lilitazama ukuta wa jengo jingine. Kampuni iliyomwajiri hakuwahi kuiona kwa macho. Ilimletea laptopu kwa mkono wa mjumbe wa pikipiki, akatia sahihi, mjumbe akaondoka, na huyo ndiye mtu pekee wa kazini aliyewahi kumwona ana kwa ana.

Kazi ilikuwa hivi. Video zinaingia: somo la wauguzi, mkutano wa wakulima, kipindi cha watoto. Anavaa vipokea sauti, anasikiliza, anachapa, kisha anapanga kila sentensi itokee pale pale mdomo wa msemaji unapofunguka. Akimaliza, faili linakwenda kwa mchapaji mwingine alikague, na yeye analetewa la mwenzake alikague, aandike makosa kwenye mistari ya maelezo ambayo watazamaji hawaioni. Hawakupewa majina ya wenzao. Walikuwa namba tu. Kundi la kazini lilikuwepo kwenye simu, ila aliyeruhusiwa kuandika humo ni msimamizi peke yake. Wengine waliachiwa alama ya dole gumba tu.

Lakini mtu ni mtu, hata umfiche nyuma ya namba. Mwenzake yule ambaye faili zake alizikagua kila siku alimbandika jina la Koma, kwa sababu alimwaga koma kama mtu anayenyunyiza chumvi gizani. Mchapaji alizifuta moja baada ya nyingine, akinung'unika, na kwa kunung'unika huko akamzoea. Akajua Koma anapochoka: koma zinakwisha, sentensi zinakimbia bila kupumua. Kulikuwa na siku ambazo hakuongea na kiumbe mwingine yeyote ila kufuta koma za mtu asiyemjua, na jioni akifunga laptopu alihisi kama wameagana.

Kisha laptopu ikaanza kuvuta mguu. Kusema kweli, ilikuwa inavuta mguu tangu ilipoletwa, ila mwanzoni video zilikuwa fupi na nyepesi, haikuonekana. Kampuni ilipoanza kutuma video ndefu zenye picha kali, mambo yakawa wazi. Anabonyeza herufi, herufi inajifikiria. Anasimamisha video, video inaendelea kama haikusikia. Anarudi nyuma neno moja, anapelekwa nyuma sentensi nzima. Mikono yake ilikuwa na sifa mtaani kwa wepesi, na sasa akaanza kuitazama kwa mashaka. Mdogo wake wa kiume, aliyeishi mbali na kumpigia simu ya video mara kwa mara kupitia laptopu hiyo, alimtania kwamba dada anazeeka na mashine imeamua kumsubiri. Alicheka. Baada ya kukata simu hakucheka tena.

Chini ya ngazi za jengo kulikuwa na kibanda cha fundi wa simu na kompyuta. Akamweleza fundi akiwa amesimama mlangoni. Fundi alikuwa ameinamia simu ya mtu na kifaa cha kulehemu mkononi, hakuinua macho. Akamwambia kwamba imejaa hiyo, dada yangu, punguza vitu. Ndivyo alivyowaambia wote, na mara nyingi ilikuwa kweli.

Akapanda, akapunguza. Alianza na programu asizozitumia. Hakuona tofauti. Akaacha simu za video na mdogo wake, akamwambia mashine inalemewa, watakuwa wanaandikiana. Mdogo wake akaandika wiki ya kwanza, wiki ya pili akaandika neno moja, kisha akaacha; watu wana shughuli zao. Akafuta picha. Bado mashine inakwenda mwendo wa kinyonga. Mwisho likabaki folda moja kubwa.

Humo mlikuwa na sauti za mama yake. Marehemu hakupenda kuandika. Alikuwa akituma sauti, ndefu, za mambo yasiyo na kichwa wala miguu: jirani amenunua redio mpya na hajui kuipunguza, dawa za presha zinamletea kiu, mwanangu umekula. Simu iliyozipokea ilishakufa, na nakala pekee zilikuwa kwenye laptopu. Mchapaji alizihifadhi zote, hata ile ambayo mama alisahau kuzima akaendelea kufagia, ukasikia ufagio tu na kikohozi.

Asubuhi moja msimamizi alimtumia ujumbe. Ulikuwa wa upole, ndiyo maana ulitisha. Dada, kasi yako iko chini sana. Ijumaa tutakupa video ya kupimia. Ukishindwa kuimaliza kwa wakati, tutaomba mashine yetu. Kodi ya chumba, dawa, chakula, vyote vilining'inia kwenye mashine hiyo. Kama angeipoteza, unga ungekuwa umemwagika, na kwa umri wake hakuna aliyemngoja popote na kiti kitupu.

Akafungua folda. Akasikiliza chache, si zote. Zilikuwa nyingi na kazi ilikuwa inamngoja. Akapiga moyo konde, akafuta, akamwaga hata pipa la taka la laptopu. Kisha akabonyeza herufi kuona kama kuna nafuu.

Herufi ikajifikiria, kama jana.

Ndipo alipomshika fundi mkono, kweli kweli, akamtoa kibandani akampandisha ngazi. Safari hii fundi alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akamtazama anavyochapa. Kisha akapitisha kiganja chini ya laptopu.

"Mashine iliyolemewa inatoa joto, dada," akasema. "Hii imepoa, imekaa kama bosi. Kuna kazi haifanyi."

Akafungua ukurasa unaoonyesha mashine inavyotumika. Ulionyesha kichwa kimoja cha prosesa, yaani ubongo wa mashine, kikihangaika hadi juu, basi. Akaigeuza laptopu, akasoma kibandiko cha mtengenezaji: prosesa ya vichwa vinne. Akajikuna kidevu. Akamfafanulia mchapaji polepole kwamba ndani ya mfumo endeshi kuna kiini, ndicho kinachoamka kwanza na kugawa kazi kwa kila kitu kingine, na kwamba kabla hakijaamka kinasomeshwa mstari mmoja wa maagizo. Akautafuta mstari huo. Mwishoni kabisa palikuwa na agizo fupi: tumia kichwa kimoja tu. Vitatu vilikuwa vimelazwa kila asubuhi laptopu ilipowashwa, na hakuna video wala picha wala sauti iliyohusika.

Mchapaji akauliza nani aliyeandika hivyo. Fundi akatazama tarehe ya faili. Ilikuwa ya zamani kuliko siku mjumbe alipoileta. Akasema huenda mtu wa makao makuu alikuwa anajaribu kitu kwenye laptopu ya kwanza, akasahau kuondoa, kisha laptopu hiyo ikanakiliwa kwenye nyingine zote. Zote, akarudia. Yako na za wenzako.

"Kwa hiyo haikuwa imejaa?"

"Wapi. Diski yako nusu yake ni uwanja wa mpira." Fundi akatabasamu, kisha tabasamu likamtoka. "Ila mimi ndiye niliyekuambia upunguze. Ulipunguza nini?"

"Mama," akasema.

Fundi hakuelewa. Ikabidi amweleze, na alipomweleza alikuwa anatazama ule ukuta nje ya dirisha. Fundi akavuta laptopu mapajani, akajaribu kila anachokijua kurudisha vilivyofutwa, akajaribu hadi mteja mwingine akaja kumwita kutoka ngazini akamwambia asubiri. Hakupata kitu. Diski za siku hizi zikishafuta zinasafisha kabisa. Akasema pole, akasema tena pole, na pole ya tatu aliimeza.

Nenosiri la kubadilisha agizo moja kwa moja lilikuwa la kampuni. Lakini fundi alimwonyesha namna ya kuisimamisha mashine inapowaka, kulifuta agizo kwa muda, na kuiacha iendelee. Ukizima, linarudi. Kila ukiwasha, unafuta tena. Wakafanya hivyo Ijumaa asubuhi. Vichwa vinne vikaamka. Herufi zikaanza kutokea kabla kidole hakijainuka, na mikono ya mchapaji ikarudi kuwa ile ya sifa. Video ya kupimia aliimaliza chai yake ikiwa bado ya moto.

Msimamizi akapiga simu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alikuwa na furaha ya kweli.

"Umeona sasa, dada? Kumbe ukitaka unaweza."

Mchapaji alitaka kusema mengi. Alisema asante.

Hapo angeweza kunyamaza. Fundi alimshauri hivyo hivyo: kila asubuhi futa lile agizo, fanya kazi yako, wakubwa waache na mambo yao. Na ungekuwa wewe ungenyamaza, usinidanganye. Lakini mchana ule likaingia faili la Koma. Lilikuwa limechelewa vibaya. Halikuwa na koma hata moja. Sentensi zilikuwa zinakimbia, zinagongana, zinaanguka, kama mtu anayefukuzwa. Akalisoma mpaka mwisho. Akawaza Koma naye yuko chumbani mahali fulani, anaitazama mikono yake. Akawaza ana nini kwenye diski, na kama ameshaanza kufuta.

Kanuni ya kampuni ilikuwa wazi: mistari ya maelezo ni ya makosa ya uchapaji tu. Atakayeitumia kwa maongezi anatoka. Akaandika juu kabisa, mahali ambapo makosa huanza:

"Si wewe. Laptopu ina vichwa vinne, imeagizwa itumie kimoja. Usifute kitu chako chochote. Ukiwasha, fanya hivi." Akaeleza hatua zote kama fundi alivyomweleza. Akaongeza kwamba anamfahamu kwa koma zake, na kwamba leo amezikosa.

Akatuma.

Haikupita saa, skrini ikawa nyeusi na maneno meupe: akaunti imefungwa. Simu ikaita. Msimamizi hakuwa na furaha tena, alikuwa amechoka, sauti ya mtu ambaye naye ana msimamizi wake. Akasema umegusa mashine ya kampuni, umetumia maelezo vibaya, mjumbe atakuja. Kuhusu lile agizo akasema hajui mambo ya ndani ya kompyuta, atauliza. Mchapaji hakubishana. Aliuliza jambo moja: kama Koma amelifungua faili.

"Koma ni nani?" msimamizi akauliza.

Mjumbe alikuja siku iliyofuata, akachukua laptopu, akashuka ngazi. Meza ikabaki na alama ya mstatili mahali vumbi halikufika. Mchapaji akakaa mbele yake bila kazi, bila sauti ya mama, na bila kujua kama neno lake lilifika au liko njiani limekwama, kwenye mashine ya mtu anayebonyeza na kungoja. Alimpigia mdogo wake kwa simu ya kawaida. Hakupokea, alikuwa kazini.

Hajui hadi leo. Na hawezi tena kuuliza, kwa sababu njia pekee waliyokuwa nayo ilifungwa. Wewe njia yako iko wazi. Basi acha kusoma. Fungua laptopu uliyopewa na kazi yako, tazama vichwa vingapi vimeamka na kibandiko kinasema vingapi. Ukikuta vimelazwa, usikimbilie kujiokoa peke yako. Mwandikie mwenzako anayechelewa, yule unayemjua kwa namba tu, umwambie asifute kitu. Mwandikie leo, sasa hivi, kabla mkono wake haujafika kwenye lile folda la mwisho.