Maji Yaliyolala

Kila asubuhi, kabla jua halijafika kwenye sinki, Fundi wa maabara alipaka rangi ya zambarau vioo vyenye matone ya damu, akainamia hadubini, akapotelea humo. Chembe za damu zilielea mbele yake kama mapovu ya sabuni, na ndani ya chache alimwona kimelea wa ugonjwa, amejikunja, kalala fofofo. Mara nyingine Fundi alisahau kama ana miguu. Miaka kumi na tisa aliishi hivyo, nusu duniani, nusu kiooni, wala hakuwa mtu wa kulalamika.

Kilichomwamsha ni binti yake. Mwalimu alikuwa amemuuliza kama mama yake ni mwanasayansi. "Nikamwambia hapana, mama anawaoshea wanasayansi vioo," mtoto akasimulia huku anakula. Hakusema kwa ubaya, na ndiyo maana iliuma.

Makala ya Profesa, mkuu wa maabara, kuhusu kimelea huyo ilibandikwa mlangoni pa maabara, na majina sita juu yake. La sita lilikuwa la bwana mmoja aliyeingia humo mara moja tu, siku ya kupiga picha. La Fundi halikuwemo. Alipouliza, Profesa alimjibu kwa upole, "Fundi, wewe ni mkono wetu wa kulia. Lakini kwenye makala tunaandika wanaofikiri." Mkono wa kulia! Mkono hupika, tumbo ndilo hushiba.

Asubuhi moja Profesa akaja mbio, tai begani, barua mkononi. Maabara mbili za mbali zilikuwa zimefuata maelezo yake neno kwa neno, na hazikumwona kimelea hata mmoja. Asipoeleza sababu wiki hiyo, makala inafutwa.

"Hebu nioneshe unavyofanya," akasema. "Hatua kwa hatua."

Fundi akapaka rangi, akasubiri, kisha akachota maji kwenye ndoo iliyokuwa chini ya meza. Yakateremka juu ya kioo bila sauti, na zambarau ikabaki.

"Mbona si ya bomba?"

"Ya bomba yana dawa, Profesa, yanakula rangi. Nayaacha wazi yalale usiku kucha, dawa iishe, ndipo nasuuza. Niligundua mwaka wangu wa tatu, baada ya kuharibu vioo mia nne."

"Na hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Mkono si haufikiri?"

Profesa akainama kuitazama ndoo. Fundi alijua maji yakimwagika hayazoleki. Alilitaka jina lake pale mlangoni. Alitaka binti yake asimame pale alisome. Basi akayasema hayo pia, waziwazi, bila kupepesa macho.

"Sawa," Profesa akasema mwishowe. "Yatakuwa majina saba. Ni haki yako, na nimechelewa." Akageuza ile barua, akachomoa kalamu, akainama kuandika. Kalamu ikasimama. Akamtazama Fundi, akatazama karatasi, akamtazama tena.

"Samahani," akasema kwa sauti ya chini. "Hivi wewe... unaitwa nani?"

Miaka kumi na tisa! Fundi akaweka kioo mezani. Akavuta kiti cha Profesa, akakaa, ndipo akayataja majina taratibu: lake, la baba yake na la babu yake. Profesa akayaandika yote matatu, akiwa amesimama.