Kokoto Safi za Wifi Yangu

Kwenye kipande cha kijito alichopanda miti wifi yangu Nicasia, kokoto ziling'aa kama sahani zilizosuguliwa. Kwangu, chini kidogo ya kwake, tope tupu. Mierebi tuliipanda siku moja, kwenye shamba lilelile la ng'ombe la Bwana Dykema, tena yangu ndiyo iliyorefuka. Lakini samaki aina ya samoni hatosheki na kivuli, anataka kokoto safi za kutagia. Na Bwana Dykema alishasema: ambaye kipande chake kitapata kiota cha samaki atabaki kutunza miti majira ya baridi. Mwingine alifuate genge la vibarua California, akachume machungwa.

Mume wangu anakamua ng'ombe hapa. Nikienda, nani atampikia? Dada yake, nani mwingine.

"Wifi, usininunie," Nicasia aliniambia jikoni, akigeuza tortila. "Samaki wanaujua mkono mzuri."

"Mkono mzuri au reki nzuri ya kusafishia kokoto?"

Alicheka. Mimi sikucheka.

Kesho yake alfajiri nilijibanza kwenye mierebi yangu, nimshike na reki yake. Hakuja. Alikuja samoni jike, mkia umechakaa hadi umekuwa mweupe, dume nyuma yake. Walipita kwangu bila hata hodi. Kule juu jike akalala ubavu, akazipiga kokoto kwa mkia, pa, pa, pa, na tope lote likashuka kwangu. Niliwatazama hadi miguu ikafa ganzi ndani ya buti.

Mchana akaja mkaguzi wa kuhesabu viota, kijana mmoja anaitwa Tollefson. Alichuchumaa kwenye kipande cha Nicasia, akatikisa kichwa.

"Shamba jingine walituchezea kwa reki, pakawa hivihivi. Kuna aliyeona samaki hapa?"

Nicasia hakuwa ameona. Akanitazama mimi, sijui kwa nini. Nilinyamaza. Ule ukimya ulikuwa mtamu, niliuweka mdomoni kama peremende.

"Basi hiki sikihesabu," alisema Tollefson.

"Reki? Mimi?" Nicasia alinyakua beleshi, akaingia majini. "Nafukua sasa hivi, muone mayai kwa macho yenu!"

"Usifukue!" Nilijikuta nikipiga kelele. "Toka hapo, utayaua! Nimewaona mimi, jike na dume, leo alfajiri."

Beleshi likabaki hewani. Tollefson akafunga utepe mwekundu kwenye tawi la mwerebi wa Nicasia. Kipande kimehesabiwa.

Nicasia akatoka majini taratibu, akinikodolea macho.

"Alfajiri? Ulikuwa unatafuta nini kwangu alfajiri, wifi?"

"Nilikuwa kwangu."

"Unanivizia!" Akacheka mpaka akashika kiuno. "Maskini wee! Sasa nikukopeshe sweta la safari?"

"California kuna joto," nilimwambia. "Livae mwenyewe."

Nikapanda kwenda zizini kumwambia mume wangu kwamba wa kwenda California ni mimi, kabla dada yake hajanitangulia.