Samaki Asiyeliwa Nyumbani Kwetu

Mwezi wa pili ulipokuwa ukingoni, baba yangu aliacha kula. Hakutangaza. Alikuwa anaisukuma sahani kidogo tu, kama upana wa vidole viwili, kisha anageuza uso dirishani. Mionzi ya koo ilikuwa imekwisha wiki tano nyuma na daktari alisema uvimbe umenywea, lakini ulimi wake ulibaki kama ulimi wa mtu mwingine. Mayai yalikuwa na ladha ya chuma. Kuku naye chuma. Supu ya viazi niliipika nikiwa nimesimama kwa mguu mmoja kwa sababu wa pili ulikuwa umevimba. Akaionja mara moja.

"Wynelle, usijisumbue."

"Nimeshajisumbua, baba. Kula."

"Nitakula baadaye."

Hiyo baadaye haikuwahi kufika. Supu niliinywa mimi, ikiwa imepoa.

Nilikuwa na miaka hamsini na sita. Alfajiri nilikuwa nakata mapaja ya kuku kiwandani, hadi vidole vinakataa kukunjuka. Mchana narudi kumwogesha, kumpa dawa, kufua mashuka. Muuguzi aliyekuwa anakuja Jumatano akampima, akasema amepungua ratili thelathini na moja, na akiendelea hivyo watamtia mrija wa tumboni. Baba akasema mrija hautaki. Muuguzi akanitazama mimi, utadhani mimi ndiye niliyekataa.

Huyo baba yangu ni Doyle Stricklin. Mtu yeyote mwenye umri wa kutosha anayevua Ziwa Eufaula, upande wetu wa Alabama, Marekani, analijua jina hilo. Alikuwa mvuvi wa besi, yule samaki wa kijani wa maji baridi mwenye mstari mweusi ubavuni na kinywa kinachomeza ngumi. Kwetu besi ni wa mashindano. Wanaume wanaondoka na boti jua halijachomoza, wanawaweka samaki hai kwenye tangi la boti, jioni wanawapima, wanapiga picha, wanawarudisha ziwani. Baba alishinda vikombe kumi na tisa, na sheria yake ilikuwa moja: besi haliwi.

"Kambare unamla," alikuwa anasema. "Besi unapambana naye, halafu unamshukuru."

Wenzake walikuwa wanaitikia kama watu walio kanisani.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Mwaka niliotimiza miaka tisa kiwanda cha nguo kilichotulisha kilifungwa, na majira yale yote ya baridi tulikula maharage na mkate wa mahindi, Jumatatu hadi Jumamosi. Jumapili ni yaleyale, na kipande cha mafuta ya nguruwe juu. Nakumbuka mama, Imogene, amesimama mlangoni baba akibeba fimbo zake za kuvulia.

"Doyle, ukipata watano, niletee mmoja."

Baba akacheka kama aliyeombwa amchinje mbwa.

Mara moja tu alimletea, tena kwa sababu samaki alikuwa amefia tangini. Wiki hiyo mimi nilikuwa kwa shangazi. Niliporudi niliambiwa kwamba mama alimkaanga na baba akasema ana ladha ya tope, basi, mazungumzo yakaishia hapo. Tangu siku hiyo mama hakukaanga samaki wa aina yoyote. Kila Ijumaa Kuu wanawake wa kanisa walipopanga foleni kwenye makarai ya mafuta kukaanga samaki, yeye alichukua kisu akaenda kwenye kabichi. "Samaki wananishinda," alikuwa anasema, na kujichekea kidogo. Alikufa miaka sita kabla ya haya ninayoyasimulia.

Sasa, katika siku zile za baba kukataa chakula, nilikuwa na mazoea ambayo sikumwambia mtu. Nikitoka kazini nilikuwa naegesha gari pale wanaposhushia boti, nafumba macho dakika ishirini, ndipo naenda nyumbani. Siku moja mwanzoni mwa mwezi wa tatu nikasikia kioo kinagongwa. Alikuwa Mzee Otha Gaines, mstaafu wa reli, ambaye kila siku ya Mungu alikuwa anavua pale ukingoni akiwa amekalia ndoo.

"Bi Wynelle, nilitaka kujua kama umelala au umetutoka."

"Bado nipo, Mzee Gaines."

"Basi shuka unyooshe miguu. Uso wako umechoka kuliko wangu, na mimi nina miaka themanini na moja."

Nilishuka. Kwenye ndoo yake ya pili mlikuwa na besi wanne, wadogo, hakuna aliyezidi ratili mbili. Nikamwuliza, kwa namna ya kupoteza muda, kama kweli anawala.

"Ninawala? Hawa ndio walionilea."

"Baba anasema wana ladha ya tope."

"Baba yako." Alitikisa kichwa taratibu. "Miaka arobaini baba yako anawaachilia kule kwenye kina, mimi nawangoja huku ukingoni. Sijakutana na mvuvi mkarimu kama yule." Kisha akaona sicheki. "Hajambo lakini?"

Nikamweleza. Sikukusudia kumweleza yote, ila nilipoanza sikuweza kuacha: ladha ya chuma, ratili thelathini na moja, mrija. Alisikiliza huku akiwapasua samaki juu ya ubao.

"Kiangazi, kwenye maji ya moto na majani, kweli huwa wananuka tope," alisema. "Na wale wakubwa wa kupigia picha usiguse, wana zebaki, hata kibao kile pale kimeandika. Lakini mdogo, maji yakiwa bado yanauma mikono kama sasa? Mvue ngozi. Hii nyama nyekundu ya katikati itoe yote, harufu inakaa hapo. Mloweke kwenye mtindi saa moja. Chumvi, pilipili, unga wa mahindi, mafuta ya moto kwelikweli. Usimwambie ni nini."

"Hatuna desturi ya kumla nyumbani kwetu."

"Desturi yenu imemshibisha?"

Alinifungia minofu kwenye gazeti, nami nikaichukua.

Nilimpikia alivyosema. Wakati nakaanga sikuwaza mambo ya heshima wala vikombe. Niliwaza kwamba akikataa na hiki nitazima jiko, nitaingia chumbani na kulala na nguo zangu za kazi, na Jumatano muuguzi afanye atakalo.

Baba alinusa kabla sijafika mezani. "Kambare?"

"Samaki," nikasema.

Alikata kipande kidogo kwa uma. Akatafuna muda mrefu, kwa ile hofu ya koo lililoungua. Akameza. Akakata kingine. Mimi nilimpa mgongo nikajifanya naosha sufuria, kwa sababu niligundua kwamba akila mbele ya macho ya mtu huacha. Nilisikia uma ukigonga sahani, ukigonga tena. Nilipogeuka sahani ilikuwa tupu.

"Huyu si kambare," alisema.

"Si kambare."

"Ni besi."

Nilingoja anikemee.

"Nimewahi kumla," akasema. "Mama yako alimpika."

"Najua. Ukasema ana ladha ya tope."

Alisawazisha uma juu ya sahani. "Hakuwa na ladha ya tope, Wynelle."

Bomba lilikuwa bado linamwaga maji. Nikalifunga.

"Alikuwa mtamu," alisema. "Mwaka ule sikula kitu kitamu kama kile. Nikaona nikimwambia hivyo, kila Jumamosi ataniomba. Na nikianza kuleta, watu watajua Doyle Stricklin anavua kwa sababu watoto wake wana njaa."

"Tulikuwa na njaa, baba."

"Najua mlikuwa na njaa."

Alilisema hilo bila kuinua sauti, kama mtu anayetaja tarehe yake ya kuzaliwa. Nilivuta kiti nikakaa. Zamani, nikiwa msichana, kwa neno kama hilo ningepasua vyombo.

"Unajua mama hakukaanga samaki tena?"

"Hakuwa mpenzi wa samaki."

"Alikuwa anawapenda. Alidhani mikono yake ndiyo mibaya. Miaka yote ile kanisani alikuwa anakata kabichi kwa sababu yako."

Nilimwona akilitafuta hilo kichwani, Ijumaa Kuu moja baada ya nyingine, na kulikuta kila mahali alipolitafuta.

"Hakuniambia," alisema mwishowe.

"Ulimwambia tope. Angekujibu nini?"

Mafuta yalikuwa yanapoa jikoni. Akauliza, kwa sauti ndogo, kama wamebaki.

"Vimebaki vipande vitatu. Ni vyangu."

Nilivila nikiwa nimesimama, kwa mikono, naye akitazama. Nyama ilikuwa nyeupe, nene, ikiachana yenyewe chini ya unga, na ilikuwa na utamu mdogo usiohitaji ndimu. Nyumba niliyozaliwa ipo mwendo wa dakika kumi kutoka ziwani. Ilinichukua miaka hamsini na sita kuonja.

Toka siku hiyo Mzee Gaines alinipa minofu mara mbili kwa wiki, hadi maji yalipopata joto mwezi wa tano akasema tungoje. Baba aliongeza ratili nane. Mrija haukutajwa tena. Vitu vingine navyo vikarudi polepole, mayai kwanza, kisha pichi za kopo. Aliniambia anataka kwenda kaburini kwa mama akaseme naye. Nikamwambia twende Jumapili. Jumapili akasema miguu haimbebi. Kiangazi akasema jua ni kali mno, tungoje lipungue. Sikumsukuma, na yeye hakujisukuma. Ugonjwa ulirudi mwezi wa tisa, safari hii kwenye mapafu, akafa mwezi wa kumi na moja akiwa hajaenda.

Siku ya mazishi wavuvi wenzake walikuja na fulana zao za mashindano, wakajaza sebule. Walisimulia vizuri. Mmoja alipiga hesabu ya samaki ambao Doyle Stricklin aliwarudisha ziwani, wakafika elfu tisa, wote wakainamisha vichwa kwa heshima. Mimi nilikuwa nagawa chakula. Kijana mmoja, mgeni katika chama chao cha uvuvi, alinifuata jikoni na sahani yake.

"Mama, samahani kukuuliza leo," alisema. "Mke wangu ananisumbua nimletee besi nyumbani. Ni kweli wana ladha ya tope?"

Nilimtazama. Alikuwa anauliza kwa moyo mweupe.

"Ni watamu," nikamwambia. "Wadogo, wa mwezi wa tatu. Mpelekee mke wako. Mama yangu alikuwa anawakaanga vizuri sana."

Alishukuru, akachukua kipande cha mkate, akarudi sebuleni kwa wenzake. Nilisikia wakicheka jambo fulani. Nikavuta kiti karibu na jiko, nikavua viatu.