Aibu ya Daktari Mosse

Saa kumi na mbili asubuhi, Jumanne ya pili ya Kwaresima, Kezia Ablett alikuwa amepiga magoti mbele ya meko ya Daktari Everard Mosse akizoa jivu la jana, uso wake ulipoanza kuiva kwa aibu isiyokuwa yake.

Alikuwa mjane wa miaka arobaini na sita, na mwaka wa kumi na mmoja sasa alikuwa akitandika vitanda na kuwasha moto katika vyumba vya chuo kimoja cha Cambridge. Nyuma yake Daktari, ambaye alikuwa daktari wa falsafa, si wa dawa, alikuwa mezani, akimwandikia barua rafiki yake, Bwana Pym. Huyu Pym alikuwa amekataa kutia sahihi karatasi ya imani, ambayo kila mwalimu alitakiwa kuapa juu yake kwamba anayaamini mafundisho yote ya Kanisa, bila kubakiza hata moja. Alisema yapo asiyoyaamini, basi hasaini, akafungasha vitabu vyake. Walimu walipokaa kuamua kama aachiwe walau kazi ya kufundisha, Daktari Mosse alitazama kucha zake mpaka kura zikaisha. Sasa alikuwa anaandika kwamba alimtetea kwa nguvu zake zote. Alipoweka nukta akashika kalamu juu, kama mtu anayengoja kupiga chafya. Aibu haikuja. Ilikwenda kwa Kezia.

Joto lilimpanda kutoka kifuani, likapita shingoni, likatulia mashavuni na masikioni. Pamoja na joto ilikuja habari yenyewe, nzima, kama ulimi unavyojua kwamba mchuzi umezidi chumvi: kura, kucha, barua. Kezia akamaliza jivu, akabeba ndoo, akashuka.

"Bi Kezia, umeiva kama kamba wa kuchemshwa wa Lynn," alisema Sallis, bawabu wa lango. "Kulikoni huko juu?"

"Si mimi. Ni Daktari wangu. Kamdanganya Bwana Pym."

"Ahaa." Sallis akawaza. "Basi pitia nyuma. Hapa mbele kuna wageni."

Haikuishia hapo. Daktari alikuwa anaandika kitabu kikubwa juu ya dhamiri. Alitaka kujua kama wema hupimwa kwa raha unayowaletea watu, au kama ipo sauti ndani ya mtu inayomwambia kabla hajapima. Kwa kuwa mwanafalsafa hana budi kujua mawazo ya watu wa kawaida, alipenda kumuuliza Kezia.

"Bi Kezia, tuseme unamwona ng'ombe wa mtu kaingia shambani kwa adui yako, anakula ngano. Utamwambia adui yako?"

"Nitamtoa ng'ombe, Daktari. Ng'ombe hana ugomvi na mtu."

Daktari alicheka, akaandika. Jibu lile likaingia sura ya nne kama wazo lake mwenyewe, na Kezia, aliyekuwa chumba cha pili akikung'uta mto, akaiva kwa nusu saa.

Karibu na Pasaka Kezia alimweleza habari hiyo. Daktari alimsikiliza kwa makini, kwa maana alikuwa msikilizaji mzuri, kisha akamwita mganga wa chuo. Mganga alimwangalia Kezia ulimi, akasema aibu ni kama maji, hutafuta bondeni, na kwenye vyumba vile hapakuwa na mtu aliye chini kuliko Kezia. Akamwandikia maziwa ya mtindi.

Daktari alilifikiria jambo lile kwa siku mbili. "Aibu ni maumivu," alimwambia siku ya tatu. "Maumivu yakinikaa mimi, kitabu kinasimama. Yakikukaa wewe, jivu linazolewa vilevile. Jumla ya maumivu duniani haikuongezeka hata chembe, na kitabu kinaandikwa. Unaona?"

"Naona, Daktari."

"Lakini haki ni haki." Akaamuru apelekewe gunia la makaa ya mawe kila mwezi, akaomba jambo lile lisivuke lango, kwa heshima ya chuo. Kezia aliyapokea makaa. Baridi ya mwaka ule ilikuwa kali, na binti yake alikuwa anakohoa.

Binti huyo, Thirza, mshona nguo, alikuwa amechumbiwa na Jabez Nunn, mchimba mboji wa kinamasini. Mboji ile ilikatwa kama matofali, ikaanikwa, ikauzwa kuwa kuni, na marehemu baba yake Jabez ndiye aliyekuwa akiipeleka mlangoni kwa Kezia tangu kabla ya Thirza kuzaliwa. Mjane wake, Bi Nunn, hakuacha kuamini kwamba mume wake alikuwa anakawia mno pale. Hakukuwa na lolote. Mzee Nunn alikuwa mtu wa maneno mengi yaendayo polepole.

Harusi ilipangwa Jumamosi ya mwanzo ya Juni, katika kanisa la kijiji cha Fenny Harrow. Wiki moja kabla, Kezia alisimama mbele ya meza ya Daktari, mikono ndani ya aproni.

"Daktari, nina ombi. Jumamosi ijayo namwoza Thirza. Nakuomba siku hiyo usifanye kitu."

"Kitu gani?"

"Kitu chochote, Daktari. Soma tu. Tembea mtoni. Jumamosi moja."

Daktari Mosse aliguswa. Alinyanyuka, akamshika mkono, akaahidi, na wakati anaahidi alikuwa anasema kweli, maana Kezia hakusikia joto hata kidogo.

Alhamisi ikaja habari kwamba Daktari amepewa kiti cha uprofesa wa falsafa ya maadili, na kwamba karatasi ya imani ataisaini upya ukumbini Jumamosi, saa nne na nusu. Angeweza kuomba isogezwe Jumatatu. Ila ingekuwa usumbufu kwa watu wengi.

Kanisani watu walijaa. Thirza alivaa gauni la kijivu alilolishona kwa miezi mitatu, na Jabez alikuwa amekata nywele hadi masikio yakabaki yamesimama peke yao. Kasisi Hale, ambaye parokia ile aligawiwa na chuo, alifika mahali pa kuuliza kama yupo mtu anayejua pingamizi lolote la ndoa hii. Akanyamaza, kama desturi.

Maili nne kutoka pale Daktari Mosse akachovya kalamu kusaini mafundisho ambayo naye, kama Pym, hakuyaamini yote.

Kezia hakuwahi kupata joto la namna ile. Lilishuka mpaka ncha za vidole. Maua ya kitambaa kwenye kofia yake yakakunjamana, na ukuta uliopakwa chokaa, pale alipokuwa amekaa, ukageuka rangi ya waridi. Waliokuwa mbele waligeuka kuangalia mwanga unatoka wapi.

"Mtazameni!" Bi Nunn alikuwa amesimama juu ya ubao wa kupigia magoti. "Mtazameni huyo! Nilisema mimi, mkaniona mwendawazimu! Kushusha mboji saa nzima, mboji gani hiyo? Hawa ni ndugu! Baba yao mmoja!"

"Mama, kaa chini," alisema Jabez.

"Sikai! Muulizeni! Mbona haongei?"

Kasisi alifunga kitabu juu ya kidole chake ili asipoteze ukurasa, akamfuata Kezia alipo. "Kezia Ablett, kuna pingamizi?"

"Hakuna, mchungaji. Naapa."

"Basi aibu hii ni ya nani?"

Hapo Kezia akapima. Akilitaja jina, kasisi anakula kwa mkono wa chuo, hatalipokea. Na likitajwa mbele ya kijiji kizima, Jumatatu hana kazi, hana makaa, hana barua ya sifa ya kumpeleka kwingine. Labda joto litapita. Labda Jabez atasimama imara. Alipima kwa pumzi tatu, na muda wote Thirza alikuwa anamwangalia, akingoja mama yake aseme neno moja.

"Sijui," akasema.

Uso wake haukubadilika kwa uongo ule. Ulikuwa umeshajaa.

Kasisi akasema hawezi kuendelea. Jabez alisimama na kofia mkononi, akamtazama Thirza, akautazama ukuta, na mama yake alipomvuta mkono wa koti alikwenda. Kufikia Agosti alikuwa Peterborough akitandika reli, na kabla ya Krismasi alikuwa ameoa hukohuko. Thirza alitafuta kazi ya ndani Ely, akaondoka bila kuaga.

Jumatatu ile ile baada ya harusi kuvunjika, Kezia aliwasha moto wa Daktari kwanza, ndipo akamweleza yote. Daktari akaweka kalamu chini.

"Nasikitika sana, Bi Kezia," alisema, na mashavu ya Kezia yakapata moto.

"Usisikitike, Daktari. Unaniunguza."

"Samahani," akasema, ikawa vilevile.

"Nenda Fenny Harrow ukamwambie kasisi. Hilo tu."

Daktari Mosse hakulikataa ombi. Alilipima, kwa haki kabisa, kwa sauti, ili na yeye asikie. Katika mizani yake, alisema, mtawala na mfagiaji wana uzito sawa. Upande mmoja wako Kezia, Thirza na kijana: watu watatu. Upande wa pili liko jina la kiti kipya, kiko kitabu, wako vijana watakaofundishwa kusema kweli miaka thelathini ijayo, na watu watakaofundishwa na vijana hao.

"Hao wa mwisho wamezaliwa?" Kezia aliuliza.

"Bado."

"Na tayari wananizidi uzito."

Daktari aliliona lile kuwa jibu zuri, akalinukuu pembeni. Kezia akamtazama. "Niambie kweli, Daktari. Wewe ndani, unasikia chochote?"

Alijichunguza bila haraka, mkono kifuani. "Hapana," akasema. "Tangu Kwaresima nalala vizuri." Kwa neno hilo uso wa Kezia ulipoa, kwa kuwa halikuwa na uongo.

Msimu uliofuata alijaribu kuacha kazi, akahamia kwa dada yake Lynn. Aibu ilimfuata mpaka soko la samaki, na huko hakuna aliyemwelewa. Wanawake walimwita mlevi. Akarudi. Chuoni walau walijua kumpitisha nyuma, na magunia ya makaa yalikuwa bado yanakuja. Kitabu kikatoka, kikasifiwa kwa unyofu wake. Wasomi walisema hakuna aliyewahi kuichambua aibu kwa utulivu kama ule.

Mwaka wa pili, jioni moja ya Novemba, Thirza aligonga mlango. Alikuwa amekonda, lakini kikohozi chake kilikuwa kimekwisha. Kezia alimpa kiti kilicho karibu na moto, akachemsha viazi, akatenga. Walikula. Kwa muda mrefu walizungumza habari za bei ya uzi.

Jioni ile chuo kilikuwa kimemwandalia Daktari Mosse karamu, na alikuwa amesimama kuwahutubia vijana juu ya kusema kweli. Kezia alikuwa amewaka tangu supu ilipotengwa kule.

"Mama," Thirza alisema. "Siku ile kanisani. Ile ilikuwa aibu ya nani?"

"Ya Daktari. Nilitaka kukueleza, ukaondoka."

"Nilishajua. Sallis aliniambia, alikuja Ely kwa mpwa wake." Alikuwa anasukuma ganda la kiazi kwa uma. "Nauliza, yote ilikuwa yake?"

Kezia akaweka kisu.

"Si yote," akasema. "Kasisi aliponiuliza, nilikuwa najua. Jina lilikuwa mdomoni. Nikafikiria kazi. Nikafikiria makaa haya unayoyaota. Nikasema sijui. Hilo ni langu, mwanangu. Hilo halikutoka kwa mtu."

Thirza akauchukua mshumaa, akausogeza karibu na uso wa mama yake. Alimtazama mashavu, paji la uso, shingo mpaka ukosi wa gauni, polepole, kama anavyokagua mshono. Kote kulikuwa kwekundu, rangi moja, bila doa wala mpaka.

"Sioni iliyo yako," akasema.

"Ipo."

"Nimekuja kwa miguu kutoka Ely kuiona, mama. Sioni."

"Ipo, Thirza. Ngoja kidogo. Ngoja Daktari amalize kuhutubia, yake ipoe."

Wakangoja. Kutoka upande wa chuo, upepo ukiwa wa huko, yalisikika makofi, yakakoma, yakaanza tena.