Wasomaji wa Benchini

Mfasiri alikuwa na kikombe cha chai mkono wa kushoto, mkono wa kulia anaandika "Kuharisha kwa Watoto Wachanga", mgeni wa kwanza alipotokea koridoni. Alikuwa mwanamke mwenye unga hadi kwenye viwiko, simu yake ikiwaka. Aliketi benchini bila salamu. Mlinzi alisogea kidogo kumpa nafasi, akarudi kwenye gazeti lake.

Ofisi hiyo ilitengeneza programu ya simu ya huduma ya kwanza: unaandika kilichokusibu, inakuambia ufanye nini kabla hujafika hospitali. Ilijigamba kuwa na lugha chungu nzima, na Mfasiri alishughulikia lugha ya kwao. Mkuu wake, ambaye nyuma ya mgongo wake aliitwa Bwana Asilimia, alikuwa na utaratibu mmoja wa ajabu. Ukurasa ukishatafsiriwa kichwa, umehesabiwa umekwisha. Maelezo ya chini yalibaki kwa lugha kubwa, ile ya waliosoma. Kwa hiyo Mfasiri alitafsiri vichwa kutwa nzima, na moyo ulimuuma kutwa nzima.

Msomaji akifungua ukurasa wa aina hiyo, akateremka chini ya kichwa asipate pa kushika, alidondokea koridoni. Alikuja mwenye simu peke yake. Mgonjwa alibaki nyumbani. Mfasiri akimsomea maelezo kwa lugha yao, mgeni alisema asante, akatoweka, benchi likabaki na joto. Wasiosomewa walififia, kwanza nyayo, kisha magoti, mpaka rangi ya ukuta ikaonekana kupitia vifua vyao. Mfagizi alilalamika kwamba wanaacha unyevunyevu.

"Bosi, niruhusu nitafsiri na maelezo," Mfasiri aliwahi kuomba. "Watu wanajaa pale nje."

"Nimewaona, dada. Nimeshaagiza benchi jingine."

Basi akawa anawasomea wakati wa chakula cha mchana, mkate mkononi.

Siku hiyo hapakuwa na chakula cha mchana. Toleo jipya lilikuwa linatoka jioni, na Bwana Asilimia aliagiza mtu asinyanyuke kitini. Mfasiri alipewa sehemu ya sumu za nyumbani. Aliandika "Mtoto Amekunywa Mafuta ya Taa", akabonyeza, kichwa kikaenda hewani papo hapo, akaingia kwenye dawa za panya.

Baadaye mlinzi alichungulia mlangoni. "Kuna mmoja kule, mwenye gauni la bluu. Mnafanana."

"Wote tunafanana," alijibu bila kuinua macho. "Niache nimalize, kaka yangu, nitagombezwa."

Alitoka jua likiwa limeshageuka upande wa pili wa jengo. Kwenye benchi la mwisho alikaa mdogo wake wa tumbo moja. Miguu yake ilikuwa imekwisha hadi kwenye magoti.

Mfasiri alipiga magoti, akaichukua simu, akasoma kwa sauti, kwa lugha yao. Usimtapishe. Usimpe kitu cha kunywa. Mkimbize hospitali sasa hivi.

"Nilikuwa nimeshambeba, dada," mdogo wake alisema. "Nilikuwa hata mlangoni. Nikaona kimeandikwa kwa lugha yetu, nikasema huyu ni dada yangu kaandika, ngoja kwanza nisome."

"Umekaa hapa tangu saa ngapi?"

"Asante, dada," alisema mdogo wake, na benchi likabaki tupu.

Mfasiri alipiga simu nyumbani. Alipokea shemeji yake, na nyuma yake zilisikika sauti za wanawake wengi.

"Shemeji, mtoto?"

"Tumemkuta mama yake kasimama mlangoni, simu mkononi, hasemi wala hasikii. Mtoto kamlegea begani. Tumeshamfunika, shemeji."

Mfasiri alilia palepale koridoni, na wageni waliobaki walimtazama kwa subira. Kisha akafuta uso, akaingia kuomba ruhusa ya mazishi.

Bwana Asilimia alisimama, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akampa pole, na pole hiyo ilitoka moyoni. Akasema aende, akae na ndugu zake kadiri atakavyohitaji, kazi haikimbii. Halafu akatazama kioo cha kompyuta.

"Vimebaki vichwa viwili tu, dada, lugha yenu itimie. Ungenisaidia kabla hujaondoka."

Alikaa, akaviandika. Alipokuwa anafunga mkoba wake, watu wawili walikuwa wameshaketi benchini.