Kipande cha Ubavu Kwenye Swichi

Mashine yetu ya kusaga nyama ina kifuniko cha chuma mdomoni. Ukikiinua, swichi huizima papo hapo. Lakini visu vyake vilikuwa butu, nyama yenye mishipa ikawa haiishi kukwama. Wakata nyama wakabuni ujanja wao: kipande cha mfupa wa ubavu hupachikwa kwenye swichi, kifuniko hubaki wazi, mashine huendelea kunguruma, na mkono mtupu husukuma nyama ndani.

Asubuhi hiyo lori la mteja mkubwa lilikuwa likisubiri langoni. Mimi ndiye msimamizi. Wafanyakazi huniita Kiranja, kwa ukali niliotoka nao shule ya bweni, nami sijawahi kuuonea haya. Nilipotoka chumba cha baridi, nilimkuta mwenye kiwanda kando ya mashine iliyozimwa, mfupa kiganjani. Aliyekuwa akisaga ni mke wangu, Mama Pacha.

Anayechezea kinga ya mashine hufukuzwa siku hiyo hiyo. Wengine nimewafukuza kwa kosa hilo bila kupepesa jicho.

"Mzee," nilisema, "sheria ni msumeno. Hata kama ni mke wangu."

"Haya, Kiranja, niondoe," alisema Mama Pacha. "Ila pacha utawaogesha mwenyewe."

Wenzake waliangua kicheko. Mzee hakucheka.

"Msumeno hukata mbele na nyuma," alisema. "Hii mashine inakwama tangu lini?"

"Tangu masika, mzee," alijibu Mama Pacha. "Tuliomba visu vipya."

"Mkajibiwaje?"

Mkata nyama mmoja akadakia: "Tuliambiwa kesho, mzee. Ndiyo maana hapa tunakuita Bwana Kesho. Utusamehe."

Mzee aliugeuza ule mfupa kiganjani.

"Jina nimelichuma mwenyewe," alisema. "Mashine ni yangu, na aliyekataa visu ni mimi. Mkono wako ungekatika, binti yangu, mkataji ningekuwa mimi. Huyu haondoki. Wala mashine haiwashwi."

Fundi aliitwa. Alifunga visu vipya, akaihamishia swichi ndani ya boksi la chuma ambako mfupa haufiki, akachonga na mchi wa mti wa kusukumia nyama. Mzee mwenyewe alikwenda langoni kumweleza dereva. Matusi ya dereva tuliyasikia sote, na lori likaondoka tupu.

Nilimfuata mzee huko langoni. Njiani nilikuwa nimepanga maneno ya heshima, yenye mwanzo na mwisho. Nilipomfikia yote yakanipotea. Nikaupokea mkono wake kwa mikono yangu miwili.

"Ahsante, mzee. Umeniachia mke mzima, na kazi yake."

"Wale uliowafukuza kwa kosa hili," aliniuliza, "unajua wanakoishi?"

"Najua, mzee."

"Basi nipeleke. Nitaomba radhi mwenyewe."

Nilitangulia kumwonyesha njia, na moyo wangu ulikuwa mwepesi.