Majani Yanapochoka

Wewe, umekwisha kuona filamu ambayo hakuna mtu anayepigwa hata kofi moja, watu wanaongea tu mpaka mwisho? Watu wa Kasongo, huku kwetu Kongo, waliiona, na wakakasirika. Ni miaka mitano sasa. Padri mmoja Mfaransa, aliporudi kwao, aliacha dividii nne za mtengenezaji filamu wa nchi yake, kila moja na majira yake. Evariste, fundi wa redio, alizionyesha katika ukumbi wa parokia, yeye amesimama pembeni na mikro ya kupaza sauti mkononi, akigeuza Kifaransa kuwa Kiswahili. Majira manne! Sisi tuna mvua na kiangazi, basi. Ile ya tatu aliiita "wakati majani yanachoka." Watu wakatoka mmoja mmoja wakidai vita. Akabaki Cécilia peke yake, mjane muuza mawese, kikapu magotini.

Tangu hapo, kila mvua zinapoanza, Evariste humwita aje aone tena ile ya majani. Zaidi ya hapo ni salamu tu.

Mwaka huu Cécilia alikuja na mzigo uliofungwa. Kaka yake mkubwa, yaya Marcellin kama anavyomwita, alikuwa ametoka kwao Kabambare kumchukua: shamba liko, nyumba iko, mjane atakaa peke yake mpaka lini? Cécilia alikubali kwa kichwa, moyo ukikataa. Alitaka kusikia neno moja kutoka kwa Evariste, na muda ulikuwa unamwishia. Nje mawingu yameshuka. Ikinyesha, barabara ya Kabambare haipitiki.

"Cécilia!" Marcellin akaita mlangoni. "Mutu wa pikipiki anakasirika!"

"Dakika tano, yaya."

"Filamu ya watu kuongea! Kwetu hawaongei?"

Ukutani, ndani ya filamu, mama wa Kifaransa alisimama chini ya miti, mbele yake mwanamume ameshika valizi ya safari. Evariste akasema katika mikro, kama kila mwaka:

"Usiende. Nani atanisalimia asubuhi?"

Cécilia akashtuka. Mwaka mzima alikuwa akisoma Kifaransa kwa masista, na alichosikia kwa yule mama wa filamu ni kingine kabisa: *Nenda, nitakuandikia.*

"Papa Evariste, rudisha kidogo."

Akarudisha. *Nenda, nitakuandikia.* Safari hii mikro ilinyamaza.

"Yale ya 'usiende' ni maneno ya nani?" Cécilia akauliza.

Evariste akatazama sakafu. Chadrack, mchimba dhahabu aliyeingia kukimbia upepo, akacheka. "Tafsiri, mzee! Ao ulimi umeshikwa na baridi ya Ufaransa?"

Nje pikipiki ikawashwa. Matone ya kwanza yakapiga bati. Cécilia akabeba mzigo, akaenda mlangoni polepole, polepole sana, mpaka kaka yake akamshika mkono na kumvuta nje. Nyuma yao filamu iliendelea na Kifaransa chake, bila wa kukigeuza.

Mara mikro ikaanguka kwa kishindo. Evariste akaja akijikwaa kwenye mabenchi, shati limetoka nje ya suruali.

"Shemeji..."

"Shemeji ya nani?" Marcellin akafoka. "Nakujua wapi mimi?"

"Haunijui. Kosa ni langu." Mvua ilikuwa inampiga usoni, hakuifuta. Alizungumza na Marcellin, lakini macho yalikuwa kwa Cécilia. "Miaka mitano nimeogopa. Huyu dada yako namutaka. Nataka abaki Kasongo, nimuoe, mbele ya padri na mbele yako."